Robo ya Kuku

Pale chuoni wanafunzi walimwita Mama Kuku, na jina likamganda. Alifundisha magonjwa ya kuku kwa miaka ishirini. Mchoro wake wa kuku mzima, tumbo likiwa wazi, ulikuwa umechapishwa pamoja na makala yake kwenye jarida kubwa la kitaaluma. Aliuchora mwenyewe kwa wino, juu ya meza ya kulia, mumewe akimshikia kuku aliyepasuliwa huku amegeuza uso pembeni.

Siku alipotaka kuuweka kwenye kitabu cha wanafunzi wake, mkutubi akamzuia.

"Mama, huu mchoro si wako."

"Si wangu? Aliyemshika kuku yuko nyumbani, kamuulize!"

Mkutubi akamfungulia mkataba. Alikuwa amelihamishia jarida haki zote, na sahihi yake ilikuwa pale chini, imepinda kwa haraka.

Basi akaliandikia jarida kuomba ruhusa. Likamjibu kwa adabu zote: kwanza alete idhini ya maandishi kutoka kwa mchoraji. Akajiandikia barua, akajijibu, akatia sahihi zote mbili.

Mumewe akachungulia. "Umejikubalia?"

"Nimejikubalia. Ila nimejitaka nisisahau kujitaja jina."

Baada ya wiki mbili ruhusa ikaja: atumie robo ya mchoro, isizidi. Wakakaa mezani na rula na mkasi.

"Acha kichwa," mumewe alisema. "Bila kichwa watajuaje ni kuku?"

"Ugonjwa uko tumboni, baba watoto."

Kichwa kikaenda, miguu ikafuata.

Kwenye mtihani, nusu ya darasa walichora kuku asiye na kichwa wala miguu. Mmoja aliandika chini yake: "Sehemu zilizobaki ni mali ya jarida." Mama Kuku akampa alama zote, akafunga mlango wa ofisi, akacheka mpaka akajikuta analia.

Mwaka uliofuata aliliandikia jarida lilelile makala nyingine. Mkataba ulipofika aliusoma neno kwa neno, akakifuta kifungu cha kuhamisha haki, akaandika pembeni kwa mkono: "Nawapa ruhusa ya kuchapisha. Haki inabaki kwangu." Akautuma, amejiandaa kwa vita.

Jibu likaja baada ya dakika kumi: "Sawa. Asante."

"Sasa mbona umenuna?" mumewe akauliza.

"Dakika kumi, baba watoto! Kumbe ilikuwa ni kusema tu!"