Naomie na Picha ya Padri

Pale Kavimvira, karibu na mpaka, Naomie alikuwa amekaa nyuma ya meza yake ya kubadilishia fedha kwa miaka kumi na tisa, na hakuna aliyewahi kumpitishia noti ya bandia. Sifa hiyo ndiyo iliyokuwa mali yake. Dola ya kweli yenye mchaniko mdogo kama kucha ya mtoto aliirudisha akikunja pua, kana kwamba amepewa panya. Wateja walimwogopa, naye alipenda kuogopwa.

Basi wanawake wa parokia walipochanga kumnunulia padri wao zawadi ya kuagana, walimtuma yeye. Padri alikuwa amesema siku moja kwamba angefurahi kuwa na picha ya mkono wa mzee Kizito, mchongaji wa hapo hapo Uvira.

"Enda weye," alisema Laurette, kiongozi wao. "Minye sitaki tupate haya mbele ya padri."

Kizito huchonga picha kwenye ubao, huupaka wino, hulaza karatasi juu yake, kisha huisugua kwa mgongo wa kijiko. Hutoa karatasi kumi na tano tu, huandika kila moja namba yake kwa kalamu ya risasi, halafu huuranda ubao usitoe nyingine. Naomie alipopanda mlimani kwake, alimtandikia mbili, za wavuvi wakivuta wavu. Naomie akaziweka sambamba. Wino wa moja ulikuwa umekolea kuliko wa nyingine, na kingo hazikunyooka.

"Papa Kizito, hizi mbili hazifanane. Moja iko ya bongo, ya uongo tu."

"Mama, nilizisugua na mukono. Mukono haiko mashini."

"Hiyo uambie watoto. Noti mbili zikiachana, moja iko feki."

"Lakini hii haiko noti."

Angenyamaza kidogo angejifunza kitu. Lakini mtu aliyezoea kutoa hukumu masikio humwota kutu. Alibetua mdomo, akatoka bila hata kuaga.

Dukani kwa Gracien, muuza zawadi wa mjini, mambo yalikuwa safi. Wavuvi wale wale, karatasi nyeupe pe, kioo, fremu ya rangi ya dhahabu, na cheti chenye muhuri ambao Gracien mwenyewe hakujua ni wa ofisi gani. Akamwonyesha na ya pili, na zilifanana mpaka nukta. Namba Naomie hakuisoma. Aliona pana maandishi, yakamtosha. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na mjuzi wetu akakinunua kilichojitembeza, tena akiwacheka wanaopanda mlima kwenda kwa Kizito.

Siku ya kuagana ukumbi ulijaa. Naomie alisimama akasimulia jinsi alivyomkamata mzee Kizito akiuza picha ya uongo, na watu wakampigia makofi. Kisha wanakwaya nao wakaleta zawadi yao: wavuvi wale wale, ndani ya fremu ile ile. Padri akaziinua zote mbili, akicheka.

"Dada Naomie," Laurette akaita, "tuambie, ya kweli iko gani?"

Naomie akasogea, akainama. Pembeni chini, picha ya kwanza ilisema nne ya kumi na tano. Ya pili ilisema nne ya kumi na tano, na wino wa zote ulilingana mpaka nukta, kama wa mashini. Hata anayejifunza kazi kwa siku ya kwanza pale mpakani anajua kwamba noti mbili haziwezi kuwa na namba moja. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Angesema "ya kwetu", ukumbi mzima ungemwamini na jina lake lingebaki salama.

"Zote mbili ziko feki," akasema. "Na ile nimesema juu ya Papa Kizito ilikuwa bongo yangu."

Hakuna aliyepiga makofi. Laurette alitazama sakafu, na wanakwaya walioanza kunong'ona hawakujali kupunguza sauti.

Kesho yake Naomie alipanda kwa Kizito na pesa zake mwenyewe. Mzee alitandika karatasi tatu mezani. Naomie aliziangalia mpaka macho yakamuuma, na hakujua aanzie wapi.

"Papa," akasema mwishowe, "munifundishe."

Kizito akamtazama vidole, vyeusi kwa uchafu wa noti za watu.

"Maji iko pale kwa mulango," akamwambia. "Nawa kwanza."