Aliyemnyonyesha mwanangu hajui kama tunaondoka

Admin, nifichie jina, maana hata mume wangu anafuata huu ukurasa.

Mimi ni mama wa miaka ishirini na tisa, Mkongomani wa Fizi, naishi Dzaleka, kambi ya wakimbizi hapa Malawi. Mwaka jana nikiwa mjamzito presha ilinipanda vibaya, nikalazwa wiki nyingi hospitalini Lilongwe. Huku ukilazwa lazima uwe na mtu wa kukupikia na kukufulia. Mimi sikuwa naye, mume alibaki kambini na watoto wetu wakubwa. Kitanda cha pili alilala Mnyarwanda aliyeolewa Kauma, mtaa wa hapo Lilongwe, fundi cherehani, nitamwita Claudine. Naye presha. Mama mkwe wake akileta nsima, ugali wa huku, Claudine alinigawia kwanza, ananiambia niache kujifanya nimeshiba. Tulichekana miguu ilivyovimba, tukapanga watoto wetu watakuja kuoana.

Mtoto wake alizaliwa amekufa. Haikupita muda, nami nikaanguka kifafa cha mimba, wakanipasua, nikalala bila kujitambua. Binti yangu analia njaa, na Claudine maziwa yanamvuja mpaka nguo inalowa. Ni yeye aliyemwomba muuguzi. Wakampima damu kwanza, kisha akamnyonyesha mwanangu mpaka nilipozinduka. Akanikabidhi akisema, "Kamata mutoto wako, dada. Na ye amenisaidia." Nililia sana, na sijui nilikuwa namlilia nani.

Tangu hapo huja Dzaleka kila Jumapili. Anambeba mtoto mgongoni, anazunguka naye sokoni, watu wakimuuliza kama ni wake hajibu. Daktari alimwambia asijaribu tena kuzaa.

Sasa faili yetu ya kuhamishwa imepita, tunaenda Amerika, na tarehe tumepewa. Watu wa kambi mnajua, safari haisemwi mpaka siku ya basi, mtu asije akakuchongea ofisini. Nilipomwambia mume kwamba Claudine lazima ajue, alinijibu, "Ule haiko ndugu yetu. Faili ikifungwa, utaambia batoto nini?" Nikamwambia bila huyo mwanamke pengine mmoja wa hao watoto asingekuwemo kwenye faili. Hakukubali. Na mimi naogopa, siwadanganyi. Nimeingia kambi hii msichana, nimezeekea kwenye kusubiri.

Jumapili iliyopita Claudine alikuja na futi yake, akampima mtoto mabega na kiuno. Anamshonea gauni la kutimiza mwaka. "Naiacha kubwa," akasema, "ataivala mpaka Krismasi." Alinipa ncha ya futi nimshikie, nikashika.

Mwaka wa mtoto utatimia tukiwa tumeshaondoka. Jumapili hii anakuja kumjaribisha hilo gauni, na hakuna Jumapili nyingine baada ya hiyo. Nimwambie, nihatarishe safari ya watoto wangu wote? Au ninyamaze, aje wiki inayofuata akute mlango una kufuli? Nishaurini ndugu zangu, ila msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha.