Maji Yamo Ndani ya Kodi

Harufu ya sabuni ya mche kwenye shuka mbichi ndiyo inayonirudisha Cheyo, mtaa wa Tabora mjini, kuliko kitu kingine chochote. Nilikuwa na miaka tisa. Baba, aliyekuwa akipakia marobota ya tumbaku, alikuwa ameanguka kutoka juu ya lori na kuumia uti wa mgongo. Hospitali ya mjini ilipomruhusu, ilimtaka arudi mara tatu kwa wiki kufanyiwa mazoezi ya miguu, na kutoka kijijini kwetu Lusu hilo lisingewezekana. Mama akapanga chumba kimoja katika nyumba ya Bi Mwanaidi, mjane wa Kiislamu aliyezaliwa Tabora na kuzeekea hapo. Tulikipenda chumba kile kwa sababu moja kubwa: maji na umeme vilikuwa ndani ya kodi.

Nyumba ilikuwa na vyumba sita vilivyozunguka ua, na bomba moja lililotoa maji siku moja na kukauka siku mbili. Siku yalipotoka, tulijaza tangi jeusi lililokuwa pembeni mwa jiko, na wote tukateka humo. Baba hakuweza kuzuia haja ndogo, kwa hiyo mama alifua shuka asubuhi na jioni. Kiangazi kilipokolea, ardhi ya ua ikawa kama unga na tangi likaanza kuisha kabla ya wakati. Mama Rehema, mpangaji wa chumba cha pili aliyepika chapati za kuuza, hakuficha. "Shuka za chumba kimoja zinamaliza tangi," alisema mbele ya wapangaji wote. "Mimi nitakandia nini unga?" Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wanne na biashara iliyotegemea ndoo mbili za maji kila alfajiri.

Mama tangu siku hiyo akawa anafua mara moja tu, na chumba chetu kikaanza kunuka. Kisha nikaona jambo lingine. Kila nilipompelekea baba kikombe cha maji, alilowesha midomo na kunirudishia. Joto lilikuwa kali, midomo yake imepasuka, naye alisema hana kiu. Siku ya nne macho yake yalikuwa yameingia ndani na sauti imekauka. Bi Mwanaidi alinikuta uani nikimwaga maji ya kikombe kile kurudi ndani ya ndoo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Mbona unarudisha maji?"

"Baba hanywi. Anasema akinywa atachafua shuka, na maji ya kufulia yana wenyewe."

Alijitanda kanga vizuri, akaenda kubisha hodi. Mama alimfungulia akiwa ameinamisha kichwa, nadhani akingoja kuambiwa tuhame. Bi Mwanaidi alikaa ukingoni mwa kitanda kana kwamba hasikii harufu yoyote. "Nilipowapangisha nilijua kuna mgonjwa," alisema. "Nikasema maji yamo ndani ya kodi. Sikusema ni ya wazima peke yao. Kunywa, mwanangu." Baba alikunywa vikombe vitatu, machozi yakimtiririka, nami nilikuwa sijawahi kumwona akilia.

Jioni hiyo Bi Mwanaidi aliweka utaratibu: bomba likitoa maji, shuka za mgonjwa zifuliwe kwanza pale pale bombani, ndipo tangi lijazwe. Asubuhi ya bomba iliyofuata, Mama Rehema alikuwa wa kwanza kufika. Alichukua shuka mikononi mwa mama, akaanza kufua. Mvua zilipoanza, baba alisimama kwa mkongojo mlangoni, na kabla ya mavuno tulirudi Lusu. Analima bustani yake mpaka leo.

Sasa nami nimepanga Tabora, kwenye jengo la ghorofa. Kila nyumba ina mita yake ya maji na ya umeme, na kila mmoja hulipia alichotumia. Ni haki, wala sijawahi kugombana na jirani. Lakini naweza kukaa hapa mwaka mzima nisijue ni mlango upi una mgonjwa, na yule mgonjwa asijue kwamba ningependa kumfulia.