Chale za Bibi Somoe

Mwanangu, umenunua flashi yako nami nimefurahi, ila jana nilikuona ukiwamulika watu usoni mpaka wanafumba macho. Kaa kidogo. Umenikumbusha siku moja kijijini kwetu Kitangari ambayo mpaka leo naionea haya.

Nilikuwa binti, kamera yangu mpya, maringo tele. Bibi Somoe, aliyekuwa hawezi tena kutoka nje kwa maradhi ya miguu, aliniita nimpige picha ya kumpelekea mdogo wake Fatu, aliyeolewa ng'ambo ya Ruvuma. Hawakuwa wameonana tangu usichana wao, na wote walikuwa wamezeeka. Chumba kilikuwa na giza, kidirisha kimoja tu. Nikamwelekezea flashi usoni, nikapiga, nikaondoka nikijiona fundi.

Picha ilisafishwa Masasi, nikampelekea. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaitazama ile picha. Kisha akapapasa mashavu yake.

"Mjukuu wangu, chale zangu umezipeleka wapi?"

Kweli, uso ulikuwa mweupe, bapa kama sahani. Chale zake zilikuwa zimefifia rangi siku nyingi, zimebaki vibonde tu, na mwanga wangu ulikuwa umevifuta vyote.

"Lakini ni wewe, bibi," nikasema.

"Meno sina, nywele nyeupe. Fatu atanijuaje? Tulichanjwa siku moja, kwa mkono mmoja. Hizo ndizo atakazozitafuta. Na wewe ulikuja na haraka zako, hata hukuniangalia."

Nililia, mwanangu, sikufichi. Kisha nikaketi, nikamwangalia. Mwanga wa kidirisha ulimjia kwa ubavuni, na kila chale ikatupa kivuli chake chembamba. Kumbe zilikuwepo muda wote! Nikataka mwanga wa flashi nao umjie kutoka upande huo, lakini ukigonga ukuta wa udongo ungemtia wekundu, kwa hiyo nikatundika shuka lake jeupe upande ule wa dirisha, nikaigeuza flashi kwenye shuka, nikapiga tena. Mwanga ukagonga pale, ukamrudia shavuni taratibu. Hata hakupepesa macho.

Jirani mmoja aliyeipeleka picha hiyo ya pili kwa Fatu aliporudi, nilikuwepo. Alisema Fatu hakuuliza huyu ni nani. Alipitisha kidole kwenye chale za kwenye picha, akapitisha kwenye za kwake, akaanza kuita, "Dada! Dada!" Bibi Somoe akamwambia yule jirani, "Hebu sema tena." Akasema tena, na tena.

Basi chumba kikiwa na giza, usimrushie mtu mwanga usoni. Keti naye kwanza, uone dirisha linamgusa wapi, kisha flashi yako igeuze kwenye ukuta mweupe au shuka la upande huohuo, na uipunguze nguvu. Picha utakayoipiga kuna mtu mahali anaisubiri, nawe humjui.

Mungu akulindie macho yako, mwanangu, akupe subira ya kuketi. Na kila utakayempiga picha, wa kwao wamjue.