Gari la Mama Salome na Mikono ya Fundi Mkuu

Asubuhi niliporipoti kazini kwa mara ya kwanza, Msimamizi wa Karakana aliniangalia mikono kabla ya kuniangalia uso. Nilikuwa msichana mrefu, mwenye viganja vipana nilivyorithi kwa baba yangu, mpasua mbao wa Temeke. Karakana ile ilikuwa ya kiwanda kimoja pale Chang'ombe, na kazi yake ilikuwa kuyahudumia malori ya kiwanda. Mie nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi, nimevaa ovaroli mpya iliyokuwa bado inakwaruza shingo.

“Umesema umekuja kufanya nini?” aliuliza Msimamizi.

“Ufundi wa magari, mkuu.”

“Kwa mikono hiyo?”

“Ndiyo niliyonayo.”

Sikusema kwa jeuri. Nilikuwa naogopa. Mtu mmoja aliyekuwa amechutama kando ya lori akacheka, akasimama akijifuta mafuta kwenye tambara. Alikuwa mfupi, mwembamba, mwenye vidole virefu kuliko ungetarajia kwa kimo chake. Huyo ndiye Fundi Mkuu, Mzee Nandonde, mtu wa Lindi, mtoto wa mchonga vinyago.

“Niachie mie huyu, mkuu,” alisema. “Injini ya lori ina nafasi. Mkono mkubwa hauna shida.”

Ndivyo nilivyopata mwalimu. Kazi yangu ya mwanzo ilikuwa kuosha nozeli, vile vidomo vinavyonyunyizia dizeli ndani ya injini. Nilinuka dizeli mpaka mama yangu akanitengea shuka langu peke yangu. Fundi Mkuu hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa anachukua bisibisi ndefu, anaigusisha ncha kwenye injini inayounguruma, mpini anauweka sikioni, kisha ananipa na mie nisikilize. “Unasikia nini?” Mwanzoni nilisikia kelele tu. Baadaye nikaanza kutofautisha beringi iliyochoka na vali iliyolegea, kama vile unavyozijua sauti za majirani zako bila kuchungulia dirishani.

Kiwanda kilipopunguza malori, karakana ikafungwa. Fundi Mkuu akapata kazi kwenye gereji moja ya Mtoni, kandokando ya Barabara ya Kilwa, na akamwambia Meneja wa pale kwamba hatakwenda bila mie. Meneja alikuwa kijana mwungwana, mwenye haraka nyingi, aliyeirithi gereji kwa mjomba wake. Akatupokea wote wawili.

Huko Mtoni hapakuwa na malori. Palikuwa na magari madogo ya Kijapani, na hapo ndipo mikono yangu ilipoanza kunitesa. Wanangu mnaosoma haya, kama hamjawahi kufungua boneti ya gari dogo, jueni kwamba watengenezaji waliishindilia injini mle ndani kama nguo kwenye begi la msafiri. Kila siku nilikuwa narudi nyumbani migongo ya viganja imechubuka, na mume wangu, Hamisi, ananipaka mafuta ya nazi huku akinung'unika, “Hawa Wajapani hawakukufikiria kabisa.”

Kifaa kilichonisumbua kuliko vyote ni gia ya VVT. Nitaieleza kwa kifupi. Ndani ya injini kuna vali, yaani milango midogo ya kuingizia hewa na kutolea moshi. Inafunguliwa na kamshafti, mtaimbo wenye vinundu unaozungushwa na cheni. Zamani milango hiyo ilikuwa na saa moja tu ya kufunguka, gari liende taratibu au likimbie. Magari ya siku hizi yana gia ya VVT kwenye ncha ya kamshafti, kiasi cha andazi kubwa. Oili ikisukumwa ndani yake, gia inaigeuza kamshafti kidogo tu, ili vali ziwahi au zichelewe kulingana na mwendo. Gari linapata nguvu bila kunywa mafuta mengi. Lakini gia ikichakaa, ukiwasha gari asubuhi unasikia kama mtu anatikisa misumari kwenye kopo.

Kuivua si kazi kubwa. Kazi ni kuirudisha. Kwenye ncha ya kamshafti kuna pini ndogo, na nyuma ya gia kuna mfereji wa pini hiyo. Unaipachika gia, unaisukuma na kuizungusha kidogo kidogo mpaka pini itumbukie kwenye mfereji. Huioni, maana ubavu wa gari umekaribiana na injini, na mkono wako mwenyewe umeziba mwanga. Unategemea vidole. Ukikaza bolti kabla pini haijaingia, gia inakaa upande na mpangilio wote wa vali unavurugika. Kazi hiyo Fundi Mkuu alikuwa anaifanya akipiga soga. Mie nilikuwa naikwepa, naye hakunilazimisha.

Kisha mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka.

Tuliona sote. Kikombe cha chai kilikuwa kinagonga kisahani. Akawa anashika spana kwa mikono miwili. Alikwenda hospitali, akapewa dawa, akaambiwa hali ile inaweza kupunguzwa lakini haitaondoka. Aliniambia habari hiyo kwa sauti ileile aliyotumia kusema gasketi imeungua, kisha akaomba nimpe soketi.

Wakati huo ndipo lilipoletwa gari la Mama Salome. Mama huyu alikuwa mpishi wa shughuli. Harusi, maulidi, kipaimara, vyote vya Mtoni na jirani zake vilipita mikononi mwake, na masufuria yake makubwa yalisafiri nyuma ya gari lake. Lilikuwa linagonga asubuhi. Fundi Mkuu akabadilisha gia ya VVT, gari likaondoka. Kesho yake likarudi likivutwa kwa kamba, taa ya injini imewaka, likiwashwa linatetemeka kama lina homa.

Mama Salome alishuka akiwa amefunga kanga kiunoni. “Jamani nyie! Nililileta linagonga, mmenirudishia gonjwa kabisa! Keshokutwa nina harusi. Mie masufuria yangu hayapandi bajaji!”

Meneja akamtuliza, akaahidi kuagiza gia nyingine. Mie nikaenda nyuma ya gereji kunawa, nikamkuta Fundi Mkuu pale bombani. Maji yalikuwa yanamwagika na yeye hanawi.

“Shikamoo tena, mzee,” nilisema, maana sikujua niseme nini.

“Marahaba. Mwanaidi, gari lile nimeliharibu mie.”

“Labda gia ilikuwa mbovu.”

“Gia ilikuwa nzima. Pini sikuisikia. Mkono ulikuwa unacheza, nikadhani imeingia, nikakaza, gia ikaharibika.” Akafunga bomba. “Twende nikamwambie Meneja, nawe uwepo.”

Akamwambia vilevile, bila kuzungusha. Meneja aliuzungushazungusha ufunguo mezani. Alikuwa anampenda yule mzee, naamini hivyo mpaka leo. “Mzee wangu,” alisema mwishowe, “labda sasa ni wakati wa kupumzika nyumbani.”

Fundi Mkuu alitikisa kichwa kukubali. Nilimwona akitazama sanduku lake la vifaa pale mlangoni, akilitazama kama mtu anayehesabu namna atakavyolibeba. Nikajikuta nimesimama.

“Meneja, gia hiyo nitaifunga mie. Lakini Fundi Mkuu asimame pembeni yangu. Bila yeye sifungi.”

“Wewe? Wewe hata kutoa chujio la oili unalalamika nafasi haitoshi.”

“Ndiyo sababu namtaka.”

“Na gari likirudi tena?”

“Likirudi, tuage wote wawili.”

Sijui nilipata wapi ulimi ule. Nyumbani nilikuwa na watoto wanaosoma, na Hamisi alikuwa hana kazi ya kudumu. Tukatoka ofisini. Fundi Mkuu hakunishukuru. Aliniuliza tu, “Kucha umekata?” Nikamwambia bado. “Usikate ya kidole cha shahada. Tutaihitaji.”

Gia mpya ilikuja kesho yake asubuhi. Tuliinua gari, tukaweka jeki chini ya injini na kipande cha mbao juu yake ili bati la oili lisibonyee, tukafungua mauntini ya upande wa kulia, ile inayoishikilia injini kwenye bodi. Injini ikashuka kidogo, tukapata upenyo. Cheni tukaitia alama za rangi na kuifunga kwa waya isidondokee ndani, na Fundi Mkuu akaivua gia iliyoharibika. Bahati ilikuwa upande wetu, vali hazikuwa zimepinda kwa kugongwa na pistoni. Mama Salome alikuwa ameketi kwenye kreti la soda, mikono shavuni, anatutazama.

Nikaingiza mkono. Ukakwama kwenye vifundo. Nikausukuma kwa nguvu, ngozi ikachanika.

“Toa,” alisema Fundi Mkuu. “Mkono wako si mbaya, unauingiza vibaya tu. Ulaze. Kama vile kijiko kimeangukia nyuma ya kabati na wewe unakitafuta. Dole gumba lifuate nyuma.”

Nikaulaza, ukapita. Nikaigusa ncha ya kamshafti kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi pale.

“Sasa fumba macho.”

“Mzee, nikifumba macho—”

“Macho yanakudanganya, yanakuambia hakuna nafasi. Fumba. Pachika gia. Usiisukume sana. Zungusha kushoto, taratibu.”

Jasho lilinitiririka mpaka masikioni. Gia ilikuwa inateleza juu ya pini, inateleza tu, kama mtu anayepita mlangoni pako bila kubisha.

“Sisikii kitu.”

“Usiitafute. Endelea kuzungusha.”

Nikaendelea. Kisha ikaja, kitu kidogo mno, kama komeo la kabati linapokaa mahali pake. Nilikuwa bado sijasema neno.

“Imeingia,” alisema Fundi Mkuu.

Nikafumbua macho. “Umejuaje?”

“Bega lako limeshuka. Sasa pitisha ukucha kati ya gia na kamshafti. Ukipenya, bado.”

Nikaupitisha ukucha wa kidole cha shahada. Haukupenya popote.

Yaliyobaki tuliyafanya bila pupa. Kamshafti niliishika kwa spana kwenye sehemu yake yenye pembe sita, kwani ukiishika gia yenyewe wakati wa kukaza unaweza kuivunja ndani. Bolti nikaikaza kwa spana ya kupimia nguvu. Tukaizungusha injini kwa mkono, tukahakikisha alama zinakutana, tukarudisha mauntini na vifuniko. Meneja alitoka ofisini akasimama nyuma yetu.

Fundi Mkuu akamwambia Mama Salome awashe mwenyewe. Injini ikagonga kidogo, ikisubiri oili ifike juu, halafu ikatulia.

Mama Salome akatoa kichwa dirishani. “Imezimika?”

“Haijazimika, mama,” alisema Fundi Mkuu. “Ndivyo inavyotakiwa kuwa.”

Harusi ikapita, gari halikurudi. Kilichokuja ni sufuria la pilau, likiwa bado lina moto, na tukala gereji nzima. Meneja alikula amesimama kando ya Fundi Mkuu, na nikamsikia akimwambia, “Mzee, kuanzia wiki ijayo nataka wewe ndiye upokee magari. Mteja akiingia, usikilize wewe kwanza, ndipo uwape vijana kazi. Na uwafundishe.”

“Na mkono huu?”

“Masikio yako hayatetemeki.”

Alifanya kazi hiyo miaka mingi. Magari yalikuwa yanaingia, yeye anasimama kando, ameweka mikono yote miwili mifukoni, anasema: beringi ya oltaneta, mkanda, mauntini. Mashine ya kompyuta ya kusomea makosa ilipokuja aliifurahia kama mtoto, akawa anakisia kwanza kisha anaisoma, na wakitofautiana wanachunguza pamoja. Mie nikawa ndiye wa VVT. Gereji za jirani zikawa zinaniita, mpaka Mabibo nilikwenda. Alipostaafu na kurudi Lindi, Meneja aliniita ofisini, akaniambia cheo cha Fundi Mkuu sasa ni changu. Nililia mbele yake, na yeye akajifanya anatafuta kalamu.

Na mie nimestaafu sasa. Magoti ndiyo yaliyoomba. Watu wananiuliza kama nasikitika kwamba ufundi wetu unakwisha, magari ya umeme yanakuja na hayana vali wala kamshafti. Sioni hivyo. Nilianza na nozeli za dizeli nikadhani ndio ufundi wote, ukaja mwingine, nikajifunza nikiwa tayari na watoto wakubwa. Binti aliyeshika nafasi yangu kule Mtoni ameshaanza masomo ya betri za magari hayo. Ananipigia simu jioni kunieleza, na nusu ya maneno yake siyaelewi, lakini napenda kumsikiliza.

Jambo moja sikuwahi kulifanya katika maisha yangu yote ya gereji: kuendesha gari barabarani. Nililisogeza uani, nililiingiza kwenye shimo la kukagulia, basi. Baada ya kustaafu nikaenda chuo cha udereva, nikakaa darasani na wajukuu wa watu, nikapata leseni. Hamisi alipoiona alicheka mpaka akakohoa, kisha akauliza, “Tunaanzia wapi?”

Tulianzia kusini. Tuliondoka alfajiri kwa gari letu dogo, la mkono wa pili, tukaipita Mtoni, tukaendelea. Nilikuwa naendesha taratibu, Hamisi akinisomea vibao vyote vya barabarani kana kwamba mie sivioni. Tulifika Lindi jua likiwa bado lipo. Mzee Nandonde alikuwa amesikia gari likikata kona, akatoka nje akiegemea fimbo, amepungua mwili, mikono yote miwili sasa inatetemeka.

Nikateremsha kioo. “Shikamoo, Fundi Mkuu.”

Hakuitika. Aliinua kiganja kunizuia nisizime, akainamisha kichwa karibu na boneti, akasikiliza kwa muda mrefu. Kisha akanyooka, uso wote umejaa kicheko.

“Marahaba, Fundi Mkuu,” alisema. “Zima sasa. Karibuni ndani.”