Ramani ya Konokono

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilipokuwa kidato cha tatu katika shule ya wasichana kule Mengo, Kampala, tulipanda lori la matofali kwenda Luzira, kando ya ziwa, kutazama konokono. Usicheke. Katika miaka ile ya serikali ya kijeshi sukari ilikuwa adimu, sabuni adimu, na watu walizoea kuongea kwa kunong'ona. Safari ya konokono kwetu ilikuwa sikukuu.

Aliyetupeleka ni mwalimu wetu wa baiolojia, mzee mmoja tuliyemwita Salongo, jina la heshima ambalo Waganda humpa baba wa mapacha. Kitabu chetu kilikuwa na sura nzima juu ya vidimbwi vya pwani: bahari ikipwa, huacha maji kwenye miamba, na humo mna ulimwengu wa viumbe. Salongo aliisoma, akakifunga kitabu, akasema, "Bahari iko mbali. Lakini ziwa letu nalo lina mawe." Ziwa halipwi wala halijai kama bahari, ni kweli, ila mwaka ule maji yalikuwa yameshuka, yakaacha vidimbwi vingi ufukweni.

Kabla sijaendelea, nikuungamie jambo. Baba yangu alikuwa fundi cherehani kutoka Kongo ya mashariki, na nyumbani tulizungumza Kiswahili kutwa. Shuleni nilijifanya sikijui hata neno. Kampala ya siku zile, waliokisema Kiswahili barabarani zaidi walikuwa wanajeshi na polisi, na wenzangu walikiogopa na kukidharau kwa pamoja. Mimi niliyeona haya hata kuomba ruhusa ya kwenda msalani, ningethubutuje kusema kwamba hiyo ndiyo lugha ya nyumbani kwetu? Nilikiandika tu katika daftari langu la siri. Mficha uchi hazai, walisema wahenga, lakini nani husikiliza wahenga akiwa na miaka kumi na sita?

Basi tulifika, tukafunga sketi juu ya magoti, tukaingia majini. Ee, raha gani ile! Kaa wadogo wa rangi ya kutu walikimbia kando kando, wadudu walitembea juu ya maji kama yameganda, konokono walibandika miguu yao laini kwenye chupa zetu za jamu. Rafiki yangu Nakato alishikwa na ruba mguuni, akapiga yowe.

"Ananyonya damu yangu yote!"

"Mwache tu," mwenzetu mmoja akamjibu. "Damu yako ni chai isiyo na sukari, atatema mwenyewe."

Tulicheka mpaka chupa moja ikavunjika.

Salongo alitwambia kila mmoja achore ramani ya ufukwe, aweke alama ya msalaba kila alipomwona konokono. Hapo ndipo kosa lilipolala, na hakuna aliyeliona. Upande mmoja bandari, upande mwingine gereza, na katikati wasichana thelathini wanachora ramani.

Gari la jeshi lilisimama juu ya ukingo. Askari mmoja mrefu akashuka na bunduki mgongoni, akaichukua karatasi iliyokuwa karibu, akaitazama sana.

"Hii iko nini? Nani nasema nyinyi chora bandari?"

Salongo hakujua Kiswahili. Alijibu kwa Kiingereza chake cha darasani, kirefu na chenye adabu, na kila alivyozidi kueleza ndivyo uso wa askari ulivyozidi kukunjamana.

"Wewe naleta mimi kizungu? Hii msalaba yote ni nini? Jibu!"

Mwanangu, nilielewa kila neno. Na nilinyamaza. Nilijiambia mtu mwingine atasema. Askari akauliza tena, nikanyamaza tena, nikitazama vidole vyangu vya miguu. Ndipo akamshika Salongo mkono, akaanza kumvuta kuelekea garini. Siku zile, watu waliopanda magari yale hawakurudi wote. Miwani ya mzee ilianguka, naye hakuinama kuiokota.

Sijui ni nini kilichonisukuma. Nilisikia sauti nyembamba kama ya mbu ikisema, "Afande, ni konokono." Ilikuwa yangu.

Askari akageuka. "Nini?"

"Hiyo misalaba, afande. Kila msalaba ni konokono. Huyu ni mwalimu wetu, anatufundisha wanyama wa majini."

"Konokono!" Aliitazama karatasi, kisha akanitazama. "Sasa hapa, karibu ya bandari, iko konokono ngapi?"

"Tisa, afande. Na kaa mmoja."

Nyuma yangu mtu alikohoa kuficha kicheko. Askari hakucheka. "Nyinyi nadanganya. Onyesha mimi."

Nikampeleka kwenye kidimbwi kilichokuwa kizuri kuliko vyote. Ndani yake alikuwamo nkejje jike, mmoja wa vile visamaki vidogo vya ziwa letu, na kando yake wingu la watoto wadogo kama mbegu za nyanya. Kivuli cha askari kilipoanguka juu ya maji, watoto wote wakakimbilia kinywani mwa mama yao, naye akafumba.

"Ah! Nakula watoto yake!"

"Hapana, afande. Anawaficha. Ngoja kidogo, usitikisike."

Basi tukangoja: askari mwenye bunduki, mwalimu asiye na miwani na wasichana thelathini, wote tumeinama migongo juu. Yule mama akazunguka mara moja, akafumbua kinywa, watoto wakamwagika nje mmoja mmoja, wazima wote. Askari akapiga paja lake, akacheka kama mtoto aliyepewa mwanasesere. "Kuja ona!" akamwita dereva. "Samaki iko na nyumba ndani ya mdomo!" Dereva naye akaja akachuchumaa. Waliwatia hofu wale samaki mara nne, ili tu waone tena.

Mwishowe yule mrefu akaokota miwani, akaifuta kwa shati lake, akampa Salongo. Kisha akaniambia, "Sema mwalimu yako: ramani, chana yote. Konokono, baki nayo." Tukazichana ramani palepale mbele yake, gari likaondoka.

Sote tukaketi juu ya mawe pale pale tulipokuwa tumesimama, tukacheka kicheko cha watu waliorudishiwa roho zao. Nakato akanikumbatia na matope yake yote. "Kumbe wewe! Kumbe unakijua!" Hakuna aliyenidharau. Salongo peke yake hakucheka haraka. Aliniita kando, akaniuliza kwa upole, "Ulielewa tangu swali la kwanza?"

Nikakubali kwa kichwa.

"Kunyamaza ili kumlinda mtu ni hekima, binti yangu. Lakini wewe ulikuwa unailinda aibu yako, na mimi ndiye niliyekuwa naelekea garini."

Maneno hayo yaliniuma kuliko kofi. Nililia. Naye akanipa kipande cha muhogo wa kuchemsha, akasema, "Kula. Halafu unifundishe. Tuanze na konokono." Mzee wa mvi, mapacha wake wameshaoa, na tangu siku ile kila asubuhi mlangoni mwa darasa alinidai maneno matatu mapya, akiyatamka vibaya kwa furaha, mbele ya watu wote. Elimu haina mwisho, wala haina mkubwa.

Kwa hiyo nakuusia, mwanangu. Usiwe msemaji wa kila jambo; ulimi hauna mfupa, na nyakati zingine mtu huponywa na kimya chake. Lakini kile unachokionea haya, iwe lugha ya kwenu, kazi ya baba yako, au sauti yako yenyewe, kabla ya kukificha tazama kwanza kama kuna mtu anayekihitaji. Ukimwona, usingoje swali la tatu. Mungu akukuze katika amani ambayo sisi hatukuijua ujanani, akupe walimu wasioona aibu kujifunza kwako, na kila nyumba utakayoingia ifurahi kwamba umefika.