Mtori wa Mkwe Wangu

Jumanne ya kwanza ya Juni mwaka huu tulimzika mke wangu nyumbani Kibosho, kando ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Siku chache baadaye mke wa mwanangu akajifungua. Kwetu mama mkwe ndiye anayemlea mzazi: humpikia mtori wa ndizi na nyama, humkanda, hukaa naye ndani. Na huyo ndiye tuliyekuwa tumemzika.

Mwanangu alirudi kazini kiwandani. Wanawake wa ukoo walikuja na ndizi na nyama, wakakaa chumbani kwa mzazi wakizungumza Kichagga. Binti yule kwao ni Kigoma, hajui hata neno. Maziwa yakakataa kutoka. Mtoto akalia mpaka sauti ikamkauka.

Nesi wa zahanati alimwona, kisha akaniita nje.

"Baba, kuna homoni inayoshusha maziwa. Mama akiwa na hofu, inazuiwa. Wanasema hiyohiyo hutusaidia kuzoeana na kuaminiana. Huyu bado hajaona kama yuko kwake. Mtoto awekwe titini kila mara, kesho nitarudi kumpima."

"Anaogopa nini?"

"Muulize."

Mimi niliishia darasa la saba. Jina la homoni lilinitoka kabla nesi hajafika barabarani, ila swali lilibaki. Baba mkwe haingii chumba cha mzazi, kwa hiyo niliuliza nikiwa mlangoni, pazia likiwa kati yetu.

"Wanamtaja marehemu mama, halafu wananitazama," akasema. "Wanasema nimekuja na mkosi?"

"Hapana, mwanangu. Wanasema hakuna kati yao anayejua kupika mtori kama wake. Wanaona aibu kukupa wa kwao."

Nikawaambia wale wanawake kuwa tangu siku hiyo, humo ndani ni Kiswahili tu.

"Hata tukitaka kukuteta?" dada yangu akauliza.

"Hata mkiniteta."

Mtori wa mke wangu nilikuwa nimeula miaka yote ya ndoa yetu, nikajua unavyotakiwa kuwa. Nikamenya ndizi mwenyewe, utomvu ukanitia weusi vidoleni. Nikazichemsha na nyama, kisha nikazisaga kwa mwiko wake.

"Kaka, umebakiza kujifunga kanga tu," dada yangu akasema.

Nyuma ya pazia la mzazi, mtu akacheka. Tangu mazishi hakuna aliyekuwa amecheka nyumbani mwangu. Nimejivunia kahawa yangu, nimejivunia watoto wangu, lakini kicheko kile nilikibeba kifuani siku nzima.

Bakuli lilirudi tupu. Asubuhi, kabla ya nesi kufika, mkwe wangu alitoka na mtoto aliyelala, gauni limelowa kifuani.

"Shikamoo baba. Mtori umebaki?"